Mpungate upi ununue? Anza kwa kuangalia dirisha lako

Mipungate mingi inayokufa majumbani haifi kwa kiu. Inakufa kwa kiza na maji mengi: imenunuliwa kama pambo, ikawekwa kwenye rafu mbali na dirisha, kisha ikamwagiliwa kila siku kwa huruma. Kwa hiyo sikuipanga orodha hii kwa uzuri wa mmea. Nimejiuliza swali moja tu: mtu anayenunua kwa mara ya kwanza atakuwa bado nao baada ya miaka 5?

Kwanza hakikisha unachouziwa ni mpungate kweli (wengine huuita dungusi kakati, au kaktasi tu). Karibu jamii yote asili yake ni mabara ya Amerika. Kuna mimea ya ukoo wa mnyaa yenye mashina manene na miiba vilevile, na kwenye meza ya muuzaji yote huchanganywa. Tazama pale mwiba unapotokea. Miiba ya mpungate huota kwenye kifundo kidogo chenye manyoya kama pamba. Ukoo wa mnyaa hauna kifundo hicho, na ukiukwaruza unatoka utomvu mweupe unaoweza kudhuru macho vibaya. Mipungate michache nayo ina utomvu mweupe, hivyo amini kifundo kuliko utomvu. Kwenye nyumba yenye watoto, tofauti hii ni muhimu sana.

Nafasi ya kwanza: Mammillaria

Kama una dirisha linalopata jua saa kadhaa kwa siku, usihangaike, chukua huu. Ni mviringo, mdogo, na mwili wake umejaa vichuchu. Jina lenyewe limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya chuchu. Spishi nyingi hutoka Mexico. Ninachoupendea zaidi ni kwamba hauchelewi kuchanua. Mingine hutoa maua ingali na upana wa sentimita chache tu, na maua hayo hujipanga kuzunguka utosi kama taji. Mammillaria hahniana ina nywele nyeupe ndefu, Mammillaria elongata huota kama kundi la vidole na huzaa machipukizi mengi ya kugawia jirani. Epuka tu ile yenye miiba iliyopinda kama ndoana ikiwa utaiweka mahali pa kupita watu, maana inanasa nguo na chungu kinaanguka.

Nafasi ya pili: Schlumbergera

Huu ni wa nyumba isiyo na jua la moja kwa moja, na ningeuweka wa kwanza kwa watu wengi wanaoishi ghorofani. Haukuzaliwa jangwani kabisa. Kwao ni misitu ya milima ya kusini-mashariki mwa Brazili, ambako huota juu ya matawi ya miti na kwenye nyufa za miamba, kivulini. Hauna miiba mikali. Mwili wake ni vipande bapa vilivyoungana kama mnyororo, na ukining'inizwa huinama vizuri sana. Unataka maji zaidi kuliko wenzake: mwagilia udongo wa juu unapokauka. Vitumba hujitokeza usiku unapokuwa mrefu, kwa hiyo chumba chenye taa inayowaka hadi saa sita za usiku kinaweza kukunyima maua. Vikishajitokeza usiuhamishehamishe, vitapukutika. Kipande ukikisokota na kukichomeka kwenye udongo kinashika mizizi.

Nafasi ya tatu: mpungate-pipa wa dhahabu

Kisayansi wengi bado wanauita Echinocactus grusonii. Miiba yake ya manjano jua likiipiga inawaka. Hukua polepole na huchukua miaka mingi kabla ya kuchanua, basi nunua kwa ajili ya umbo, na uupe jua la kutosha. Kwao, katikati mwa Mexico, uko hatarini. Bwawa la Zimapán lilifunika sehemu kubwa ya makazi yake. Mwaka 2015 watafiti walioitathmini jamii nzima ya mipungate walikuta asilimia 31 ya spishi ziko hatarini kutoweka, na wizi wa mimea porini ni moja ya sababu kubwa. Biashara ya kimataifa ya karibu mipungate yote inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini. Uliooteshwa kitaluni kwa mbegu ni wa duara safi na miiba yake haijavunjika. Ukiona mmea mkubwa wenye makovu, ngozi iliyochakaa upande mmoja na mizizi iliyokatwa, uache, na umuulize muuzaji ulitoka wapi.

Cereus, ule mrefu kama nguzo, unashika nafasi ya nne. Ni mgumu na hukua haraka, lakini unadai chungu kizito na dirisha kubwa. Ukiusukumia pembeni penye kiza unarefuka na kuwa mwembamba juu, na sehemu hiyo haitanenepa tena.

Nafasi ya tano ni Opuntia microdasys, wenye masikio mapana na vidoa vinavyoonekana laini kama mahameli. Si laini. Kila kidoa ni mamia ya vimiiba vyembamba kuliko unywele, vinavyong'oka kwa kuguswa na kuwasha kama upupu. Niliupitishia mkono wa shati mara moja tu, nikavitoa kwa gundi ya karatasi jioni nzima. Wenye watoto au paka wauache.

Wa mwisho ni ule wenye kichwa chekundu au cha manjano juu ya shina la kijani. Najua ndio unaovuta macho kuliko yote. Kichwa hicho ni Gymnocalycium (aina nyingine ya mpungate) isiyo na klorofili, ile rangi ya kijani ya mimea, kwa hiyo haiwezi kujitengenezea chakula, ndiyo maana imebebeshwa juu ya shina la ukoo wa pitaya, mpungate unaozaa dragon fruit. Mimea hiyo miwili haikui kwa mwendo mmoja, na kwa kawaida huachana baada ya miaka michache. Kwa zawadi ya msimu sawa. Kwa mmea wa kukaa nao, hapana.

Ukishachagua aina, bonyeza shina karibu na udongo kwa ncha ya kalamu. Kahawia ngumu kama gome ni uzee, haina neno. Kahawia laini ni kuoza, na hakuna punguzo la bei litakaloiponya. Chungulia katikati ya miiba kama kuna wadudu weupe wanaofanana na vipande vya pamba. Maua makavu yaliyobandikwa kwa gundi utosini yanaharibu sehemu inayokua, na rangi iliyopuliziwa mwilini inazuia mwanga. Kokoto zilizogandishwa juu ya udongo zinaficha unyevu usiuone. Zikiwepo, zibandue siku hiyohiyo. Chungu kisicho na tundu chini kibadilishe, utumie udongo uliochanganywa nusu kwa nusu na mchanga wa chembe kubwa. Ushike mmea kwa gazeti lililokunjwa kama mkanda, na baada ya kuuhamisha usimwagilie kwa wiki nzima, ili mizizi iliyojeruhiwa ikauke kwanza.