Grili ya mianzi kwa ampu ya gitaa: kazi ya msuka matenga wa Tabora imenikosha

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aondoke nayo, kama una ampu ya gitaa (kikuza sauti) na kitambaa cha mbele kinachofunika spika, yaani grili, kimechanika usihangaike kuagiza kingine Dar, nenda kwa wasuka vikapu ukaagize paneli ya mianzi, fremu piga mwenyewe nyumbani. Ya kwangu ni ampu ya transista yenye spika moja ya inchi 12, tunaitumia kwenye kwaya na shughuli za mtaani hapa Tabora, na toka nimeifunga hii grili watu wanaishikashika kwanza ndo wanasalimia.

Wazo lenyewe lina wenyewe. Miaka ya 1970 kule California, Randall Smith wa kampuni ya ampu ya Mesa/Boogie alikuwa anatoa ampu za mbao ngumu zenye mbele ya kusukwa, na mpiga gitaa Carlos Santana ni mmoja wa waliozipa umaarufu ampu hizo. Sasa mbao ngumu si ndo sisi jamani, mninga ndo kwao huku, na wasukaji wapo kila soko, kwa nini tukae na spika zilizofunikwa khanga?

Fundi wangu ni mzee anayesuka nyungo na matenga pembeni ya soko. Nilimpelekea vipimo kwenye karatasi, nikamwambia mzee wangu sitaki isukwe ikabana kama ungo, nataka matundu upepo upite, akaniuliza "mwanangu unafuga vifaranga?" Nikampigia muziki kwenye simu, nikaiziba spika kwa kiganja halafu nikaiachia, hapo hapo akaelewa na kuanzia pale yeye ndo akawa ananifundisha mimi.

Na hapa ndo nampa maksi zote. Mwanzi una sehemu mbili, ganda la nje gumu na nyama ya ndani, yeye anatumia ganda tu, nyama anaichonga anaitupa, afu kabla ya kuchana mianzi anailaza kwenye maji siku kadhaa. Sababu ni bungua, manake wale wadudu wanafuata wanga, na maji yanautoa wanga. Watu wa Tabora tusidharau hili, dumuzi yule anayemaliza mahindi ghalani aliripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza hapa hapa mkoani kwetu mwaka 1981, na ni jamii ya watoboa mbao, mianzi mikavu haimshindi. Kwa hiyo ukimkuta fundi anachana mianzi iliyokatwa jana anakwambia kesho njoo uchukue, mwache.

Chane zake zina upana wa kama milimita 5 na matundu ya karibu sentimita moja, moja juu moja chini, ukipiga hesabu karibu nusu ya eneo liko wazi. Hilo ndo la kusimamia kuliko urembo. Besi inapenya karibu popote, ila sauti za juu za gitaa zinakwenda mbele moja kwa moja kama tochi, ukiweka msuko uliobana zinaishia hapo hapo na gitaa linakuwa zito halina makali. Kipimo rahisi, weka paneli mdomoni upulize, kama pumzi haifiki vizuri kwenye kiganja upande wa pili basi na sauti haitafika. Nyuma nimeweka kitambaa cheusi chepesi kuficha spika, nacho kimepita kipimo hicho hicho.

Ya kulaumu yapo. Chane hazilingani unene, kushoto ni nene kulia nyembamba, ukiangalia kwa karibu unaona. Na alichelewa sana, kila nikienda naambiwa bado inakauka, mwenye shughuli ya wikendi hii asimtegemee. Bei tulikubaliana 15,000 na hakuongeza hata mia, kwa kazi ile naona ni bei ya haki kabisa, mimi ningemlipa zaidi.

Kwenye kufunga sasa, adui ni mtetemo. Ule uzi mnene wa E unalia kwenye hezi 82 hivi, chane ikiwa imelegea pale zinapokutana inagongana na mwenzake inatoa mzzz mbaya utadhani spika imechanika. Loweka paneli ilainike, ivute juu ya fremu kwa kuanzia katikati ya kila upande ukienda kwenye kona, piga pini za stepla ikiwa bado na unyevu, ikikauka inabaki imekaza. Afu kwa nyuma weka tone la gundi nyeupe ya mbao kwenye kila makutano. Inachosha, ila usiruke, manake kiangazi chetu cha mwezi wa saba na wa nane kinakausha kila kitu na hizo chane zitasinyaa tu. Vanishi pakia baadaye, na pakia mbali na spika, tone likidondokea ile karatasi ya spika inayotetemeka inakauka ngumu na sauti inabadilika.

Fremu yangu ni mninga, inaiacha grili mbali na spika karibu sentimita 2, kwa sababu ile karatasi inakwenda mbele na nyuma ikipigwa kwa nguvu na haitakiwi kugusa kitu. Bisibisi iangalie sana ukiwa karibu na spika, sumaku inaivuta ghafla inatoboa. Na wenye ampu za taa, zile zenye valvu za kioo badala ya transista, msiingize mkono kwenye saketi hata kama mmechomoa waya, kuna kapasita zinashikilia umeme wa volti 400 na zaidi, mpe fundi wa ampu akutolee.

Kujaribu, pakua programu ya simu ya kutoa toni, ichomeke kwenye ampu, anza hezi 80 panda taratibu huku unagusa msuko kwa kidole, mzzz ukikatika umeshajua ni wapi pa kuongeza gundi. Yangu ilikuwa inalia kona ya chini tu, sasa hivi kimya, na gitaa limefunguka kuliko lilivyokuwa na kile kitambaa cha kiwandani kilichojaa vumbi.

Kwa wapiga besi mimi sishauri paneli kama hii ilivyo, mtikisiko wao ni mkubwa, mwambieni fundi afunge na ubao mwembamba katikati kwa nyuma, na asuke izidi fremu sentimita kama 5 kila upande mpate pa kushika wakati wa kuvuta.