Pudo na machotara wake: yupi anunuliwe Unguja na Pemba, yupi aachwe bara

Kazi yangu ni kunyoa mbwa, kuanzia Mbweni na Fumba hadi nyumba za wageni za Paje na Jambiani, kwa hiyo ninapowapanga pudo (mbwa anayeitwa kwa Kiingereza poodle) na machotara wake hapa chini sianzi na sura wala bei. Naanza na manyoya. Kwetu kuna joto la kaskazi, hewa yenye chumvi, mchanga, kupe, na vinyozi wa mbwa wa kuhesabika. Mbwa anayemfaa mtu wa London anaweza kuwa mzigo kwa mtu wa Kiwengwa.

Niseme mapema namwandikia nani. Waislamu wengi wa Visiwani hawafugi mbwa ndani, na sababu zinajulikana: kwa madhehebu ya Shafii mbwa ni najisi nzito, chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo, na biashara yenyewe ya kumuuza na kumnunua haijuzu. Mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwindia ameruhusiwa kufugwa, ndiyo maana wasasi wetu wana mbwa na hakuna anayewashangaa. Mwenye swali hapo amuulize shekhe wake, si kinyozi. Wasomaji wangu ni wale ambao wameshaamua: jamaa waliohamia kutoka bara, wenye mahoteli, wageni wenye makazi huku. Nao nawaomba mbwa asitoke uani bila kamba. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba, na mtu ameshatia udhu anakwenda zake msikitini. Pua moja mbichi ikimgusa, anarudi nyumbani kubadili kanzu, na wewe ujirani umeshauharibu.

Manyoya kwanza

Pudo ni mbwa wa maji. Asili yake ni Ujerumani na Ufaransa, ambako alifundishwa kujitosa ziwani na kumletea mwindaji bata aliyepigwa. Ule unyoaji wa mbwembwe unaouona kwenye picha, mapaja matupu na mafungu ya manyoya kwenye viungo, ulianzia huko: alipunguzwa nywele aogelee kwa wepesi, akaachiwa kifuani na kwenye viungo asipigwe na baridi. Baridi hiyo Zanzibar haipo. Akikuomba mtu umlipe zaidi kwa mafungu hayo, anakuuzia picha.

Manyoya yake ni ya kipilipili, tabaka moja, bila yale manyoya mafupi mazito ya ndani waliyonayo mbwa wengi, na hayaachi kukua. Hayadondoki sana, na hiyo ndiyo sifa inayomuuza. Lakini unywele usiodondoka hubaki mwilini, ukajisokota na wenzake, na mwisho hufanya mafundo yanayoshika hadi ngozini. Chini ya mafundo hayo ndiko unyevu unakokaa na kupe wanakojificha. Piga hesabu: ukimnyoa kila baada ya wiki 6, ni mara nane au tisa kwa mwaka. Pudo wa umbo dogo akifika miaka 14, jambo la kawaida kwake, umemnyoa zaidi ya mara 110. Ama ulipe, ama ujifunze mwenyewe. Wateja wangu wenye akili hujifunza, nami nawafundisha, ingawa najikata riziki.

Wengine humtaka pudo kwa sababu nyumbani kuna mtoto mwenye pumu au mzio. Hapo taratibu. Vitu vinavyochochea mzio hutoka kwenye mate, mkojo na ukoko wa ngozi, na manyoya huvibeba tu. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2012 uliwapima mbwa wanaosifiwa kuwa hawasababishi mzio, pudo na labradudo (chotara wa pudo na mbwa aitwaye labrador, au labrado) wakiwemo, ukakuta manyoya yao hayana vichochezi pungufu kuliko ya mbwa wengine. Kabla hujalipa, mpeleke mtoto akakae na mbwa huyohuyo unayemtaka, zaidi ya siku moja, uone.

Wa kwanza: pudo mdogo

Shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, linawagawa pudo kwa kimo cha begani: mkubwa sm 45 hadi 60, wa kati 35 hadi 45, mdogo 28 hadi 35, na wa mapajani 24 hadi 28. Waingereza na Wamarekani hawamtambui wa kati, kwa hiyo mbwa mwenye karatasi za huko atakuwa ameandikwa kwa mgawanyo wa aina tatu na vipimo vyake vitapishana kidogo. Usibishane na muuzaji, chukua futi upime wazazi.

Pudo mdogo ndiye namweka juu, na sioni anayemkaribia. Uzito wake ni kama kilo 5 hadi 9, unaweza kumbeba kwenye boti, kumwogesha kwenye beseni na kumnyoa juu ya meza kwa muda usiozidi saa moja na nusu akizoea. Kwa kuwa manyoya ni ya tabaka moja, unaweza kumweka mfupi mwaka mzima bila kuyaharibu. Acha kama sentimita moja, usimpige upara, hasa akiwa mweupe, maana jua la ufukweni huchoma ngozi yake kama linavyochoma ya wageni wa Nungwi. Chakula chake ni kidogo. Akili anayo: mwanasaikolojia Stanley Coren alipowapanga mbwa mwaka 1994 kwa wepesi wa kushika amri, pudo alikuwa wa pili, nyuma ya yule mbwa mchunga kondoo wa mpakani mwa Uingereza na Uskochi.

Akili hiyo ina gharama yake. Pudo aliyeachwa peke yake uani kutwa nzima hubweka kwa kila pikipiki, kila embe linaloanguka na kila muuza samaki. Kama nyote mnatoka asubuhi na kurudi usiku, usinunue. Kwa mwili, angalia magoti, kwa sababu kifuniko cha goti huteguka kwa wadogo hawa, meno, ambayo huoza mapema yasiposuguliwa, na macho. Kuna ugonjwa wa kurithi unaokausha pazia la jicho pole pole hadi mbwa anapofuka. Una kipimo cha vinasaba, na mzalishaji mkweli atakuonyesha majibu ya baba na mama.

Pudo wa kati ni hayohayo kwa mwili mkubwa zaidi. Ukimpata, vizuri, lakini ni adimu.

Wa pili: pudo mkubwa, mwenye uwanja tu

Huyu anafika kilo 20 hadi 30, na ukimwona akikata maji bahari ikijaa Jambiani utaelewa aliumbiwa nini. Ana adabu, ana mbio, na kwa kimo chake hata mwizi hufikiri mara mbili, ingawa kwa ulinzi hasa mbwa wetu wa kienyeji anamshinda: hanyolewi, joto amelizoea, na hali chakula cha kopo. Baada ya bahari umsuuze kwa maji baridi, na masikio uyakaushe, kwani ndani yana nywele zinazoshika unyevu.

Kilichomnyima nafasi ya kwanza ni tumbo. Mbwa wenye kifua kirefu kama chake huweza kujaa gesi ghafla, tumbo likajipinda, na asipopasuliwa ndani ya saa chache anakufa. Muulize daktari wa wanyama aliye karibu nawe kama anaweza kufanya upasuaji huo usiku. Kama uko Micheweni au Kengeja, jibu hilo lijue kabla ya kununua. Mgawie chakula mara mbili au tatu kwa siku badala ya sinia moja, na asikimbizwe akiwa ameshiba.

Wa tatu: kokapu

Ni chotara wa pudo na koka spanieli, maarufu Marekani tangu katikati ya karne iliyopita. Ni mchangamfu, anapenda watu, na ukipata mwenye manyoya ya mawimbi badala ya pilipili tupu, kumchana ni rahisi kidogo. Masikio ndiyo taabu: pande zote mbili amerithi yale mazito yanayoning'inia, na masika ikiingia ndiyo ninayoyanusa kabla sijafika mlangoni. Ugonjwa wa sikio kwa huyu ni bili ya kila mwaka usipokuwa mwangalifu.

Hapa ndipo penye maneno matamu ya wauzaji, kwamba chotara hana maradhi ya wazazi. Kwa baadhi ya maradhi ni kweli, lakini si kwa ule upofu nilioutaja. Kasoro ileile ya vinasaba inapatikana kwa pudo wadogo na kwa koka vilevile, na hata kwa labrado. Baba akiibeba na mama akiibeba, mtoto anaweza kuipata pande zote mbili. Kipimo cha mzazi mmoja hakitoshi.

Wa nne na wa tano, kwa haraka

Pudo wa mapajani na maltipu, chotara wake na mbwa wa Malta, wanamfaa mtu wa ghorofani asiye na watoto wadogo. Mfupa wa mguu ni mwembamba, akiruka vibaya kutoka kwenye kochi anavunjika. Uani usimwache peke yake akiwa mtoto, kwani kunguru wetu, wale wa kuletwa, hawana haya. Na ukiambiwa ni "wa kikombe", ujue hakuna chama kikubwa cha mbwa kinachoutambua umbo huo. Ni mdogo wa wadogo, mara nyingi dhaifu, kwa bei ya juu.

Kavapu, chotara wa pudo na kavalia (spanieli mdogo wa Kiingereza), ndiye mpole kuliko wote katika orodha hii. Kavalia lakini ana moyo mbovu kwa ukoo: vali huanza kuvuja na wengi hupata tatizo hilo wakizeeka. Mtoto wa mzazi asiyepimwa moyo, mwache.

Wa sita: labradudo

Huyu ndiye anayeulizwa sana, kwa hiyo nimweleze vizuri. Miaka ya 1980 Wally Conron, mzalishaji wa mbwa wa kuongoza wasioona huko Australia, aliombwa mbwa na mwanamke asiyeona wa Hawaii ambaye mumewe alikuwa na mzio. Akampandisha labrado na pudo mkubwa, wakazaliwa watoto watatu. Sampuli za manyoya na mate zikapelekwa Hawaii, na ni mmoja tu ambaye hakumsumbua yule mume. Aliitwa Sultan, utadhani kazaliwa Forodhani. Wawili waliobaki, wa tumbo lilelile, hawakufaa. Mwaka 2019 Conron alisema hadharani kwamba anajutia alichokianzisha, kwa jinsi watu walivyokimbilia kuchanganya mbwa ovyo kwa ajili ya pesa.

Kwa mnunuzi wa huku, mmoja kati ya watatu ndilo jambo la kukumbuka. Labrado ana tabaka mbili za manyoya na hudondosha kila siku. Pudo ana moja na hadondoshi sana. Mtoto wa kizazi cha kwanza anaweza kutoka na nywele zilizonyooka, za mawimbi au za kipilipili, na ndugu zake wakatoka vingine. Akiwa na wiki 8 wote ni laini na wote wanapendeza. Kati ya miezi 8 na 12 manyoya ya utoto hupisha ya ukubwani, na hapo ndipo simu zinapoanza kunifikia: mbwa ana mafundo kwapani na nyuma ya masikio, na kitana hakipiti. Akirithi tabaka la ndani la labrado pamoja na ukuaji usiokoma wa pudo, umepata shida za wazazi wote wawili kwa wakati mmoja, katika joto la nyuzi 32. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na hewa yenye unyevu kama yetu humpunguzia nafuu hiyo. Juu ya hayo ni mlafi, hunenepa upesi, na nyonga zake zinahitaji kupigwa picha kwa wazazi kabla hawajapandishwa.

Ukimtaka hata hivyo, tafuta aliyezaliwa kwa labradudo kupandishwa tena na pudo. Robo tatu ya damu ikiwa ya pudo, unajua zaidi unachonunua.

Wa mwisho: goldendudo na bernedudo

Hapana. Goldeni, yaani golden retriever, ana manyoya mengi kuliko labrado, na mbwa wa milima ya Bern ameumbiwa theluji ya Uswisi, tena kwa kawaida haishi zaidi ya miaka minane hivi na saratani humwandama. Anayekuletea chotara wake Zanzibar anafikiria mfuko wake.

Kabla hujatuma pesa

Watoto wengi hununuliwa bara, kwa picha za simu. Omba video ya mama akiwa na watoto wake wananyonya, na jina lako litamkwe humo, maana picha moja huuzia watu kumi. Asiachane na mama kabla ya wiki 8. Kwa kuwa chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akitimiza miezi mitatu hivi, panga safari baada ya hapo, na kibali cha kumwingiza kutoka idara ya mifugo ukipate kabla hajapanda boti, pamoja na cheti cha afya na cha chanjo. Dawa ya kupe aanze mara moja: kupe wa mbwa wa nchi za joto hueneza homa zinazokula damu, na pudo mwenye nywele ndefu huwaficha hadi amelegea.

Mwezi pia uuchague. Kaskazi, Desemba hadi Februari, boksi la mbwa kwenye boti ya mchana kutoka Dar ni tanuri. Afike Juni hadi Agosti, kusi likivuma, mnyoe wiki ya kwanza ingawa nywele ni chache, mlio wa mashine auzoee angali mdogo, na chanuo la chuma lipite kila siku ya pili.