Misingi ya jukwaa la mbao bila kumwaga zege: ipi ununue, ipi uiache

Jukwaa la mbao lililosimama peke yake uani, lisiloegemea ukuta wa nyumba, huwa na msingi mmoja unaobeba kuliko mingine yote, nao uko katikati. Wengi hununua misingi kwa kupima uzito wote kisha kuugawa sawasawa, na hapo ndipo jukwaa linapoanza kubonyea kabla hata halijazeeka.

Tufanye hesabu pamoja. Jukwaa ni mita 3 kwa 4, misingi ni 9, mitatu mitatu katika safu tatu. Kipimo kinachotumika sana ni kilo 195 hivi za watu na vitu kwa kila mita ya mraba, pamoja na kilo 50 hivi za mbao zenyewe. Jumla ni karibu kilo 2,940. Ukigawa kwa 9 unapata kilo 327 kwa kila msingi, na unaridhika. Lakini kila msingi hubeba eneo linaloishia nusu ya njia kwenda kwa jirani zake, kwa hiyo ule wa kona unabeba robo tatu tu ya mita ya mraba, yaani kilo 184 hivi, ilhali ule wa katikati unabeba mita 3 za mraba: kilo 735. Hiyo ni mara nne ya kona na zaidi ya mara mbili ya ule wastani wako. Kwa hiyo namba iliyoandikwa kwenye boksi ilinganishe na msingi wa katikati. Ukitosha huo, mingine itajitosheleza.

Namba hiyo pia ni ya udongo fulani, na mara nyingi ni udongo mzuri kuliko wako. Kabla hujafungua pochi, piga alama mahali pa kila msingi, kisha shindilia mtaimbo kwenye kila alama. Ukizama nusu mita kwa mapigo machache, chini yako kuna kifusi au udongo uliojazwa. Ukiingia kwa ubishi, sentimita chache kwa kila pigo, una udongo unaofaa. Ukirudi mkononi kwa mlio mkali, kuna jiwe, na utajua kama ni dogo kwa kusogea kiganja kimoja pembeni na kupiga tena. Kazi hii haigharimu kitu, na ndiyo itakayoamua zaidi ya tangazo lolote. Kwa udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka wakati wa ukavu na kufura mvua zikinyesha, weka alama maalumu, tutaurudia.

1. Skrubu za ardhini

Hizi ni mabomba ya chuma yenye ncha chini, hesi zikizunguka ubavuni, na juu kichwa cha kufungia mbao. Urefu wake huanzia nusu mita na kuendelea hadi karibu mita 2. Kwa mtu anayejenga jukwaa la chini kwa mikono yake, hizi ndizo ninazoziweka mbele ya zote, na sababu kubwa si wepesi wake. Ni kwamba skrubu inakupa habari za ardhi kadiri inavyoingia. Mizunguko ya mwisho ikiwa mizito, umefika penye udongo thabiti. Ikizunguka kirahisi mpaka kichwa kinagusa ardhi, bado haijashika, na unahitaji ndefu zaidi. Hakuna msingi mwingine katika orodha hii unaokuambia jambo hilo kwa mikono mitupu.

Namna ya kuifunga: fungua tundu kwa mtaimbo, jembamba kuliko bomba lenyewe, ili ncha ipate njia. Simamisha skrubu, pitisha mtaimbo au bomba refu kwenye kichwa chake, na watu wawili wasukume kwa nguvu sawa, mmoja kila upande. Mmoja akizidi, skrubu inalala. Weka pima maji ubavuni, kisha upande wa pili kwa pembe mraba, baada ya kila mzunguko mmoja au miwili. Sentimita 30 za kwanza ndizo zinazoamua wima. Baada ya hapo hutaweza kuinyoosha bila kuulegeza udongo. Na hili likae kichwani: usiizungushe kinyumenyume ili kuipandisha kidogo. Ukifanya hivyo unaacha uwazi chini ya hesi, na skrubu itazama tena uzito ukija. Kimo kirekebishwe kwa kichwa chenye bolti na nati, ndiyo maana nasisitiza ununue chenye marekebisho hata kama cha kawaida ni nafuu. Bolti hiyo usiitoe ndefu sana, kwa sababu ikitokeza hovyo jukwaa litayumba kwa kando.

Ukiwa dukani, tazama zinki. Chuma cha kuzikwa kinatakiwa kiwe kimechovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa. Kiwango cha kimataifa ISO 1461 kinataka wastani wa maikromita 70 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita) za zinki kwa chuma chenye unene wa zaidi ya milimita 3 hadi 6, na 55 kwa chuma cha milimita 1.5 hadi 3. Iliyochovywa huwa na rangi ya kijivu isiyo sawa, mara nyingine na matone yaliyoganda kwenye ncha. Ile laini inayong'aa kama sarafu mpya mara nyingi imepakwa kwa umeme, na tabaka lake ni jembamba mno kwa kazi ya kuzikwa. Karibu na bahari, au kwenye udongo wenye asidi, chagua bomba lenye ukuta mnene zaidi, maana zinki itaisha mapema na chuma ndicho kitakachobaki kupambana na kutu.

2. Nguzo za skrubu zenye bawa pana

Hapa badala ya hesi nyingi ndogo kuna mhimili wa chuma wenye bawa moja au mawili mapana yaliyopinda kama parafujo. Kwa nguvu tupu hizi zinashinda zote. Nimeziweka za pili kwa sababu zinahitaji mashine na mtu anayeijua, na kwa jukwaa dogo la chini hiyo ni nguvu ya ziada usiyoihitaji.

Wazo lenyewe ni la zamani. Alexander Mitchell, mhandisi wa Ayalandi aliyekuwa kipofu, alipata hataza yake mwaka 1833, na mwaka 1838 nguzo zake zilianza kuzungushwa kwenye mchanga wa Maplin Sands, mlangoni mwa Mto Thames, kubeba mnara wa taa za meli. Kama bawa la chuma liliweza kushika kwenye mchanga unaofunikwa na bahari, bustani yako haitalisumbua.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba uwezo wake unakokotolewa palepale kutokana na nguvu ya kuzungusha. Kwa mhimili wa mraba wa milimita 38, kila kilonyutoni-mita 1 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) huhesabiwa kuwa kilonyutoni 33 za uwezo wa mwisho, yaani uzito unaoishinda nguzo. Gawa kwa 2 kwa ajili ya usalama, unabaki na 16.5, karibu tani 1.7. Mihimili minene zaidi ina kizidishi (ile 33) kidogo zaidi, kwa hiyo muulize fundi anatumia kipi, na umwambie akuandikie kipimo cha kila nguzo. Asiye na kipimo cha kukuonyesha, usimlipe kazi ya aina hii.

Ule udongo mweusi unaofura, ardhi inayoganda kwa baridi kali, na kiwanja kilichojazwa kifusi, vyote vinatibiwa na nguzo hizi, kwa sababu bawa linakaa chini ya tabaka linalocheza na mhimili mwembamba hautoi nafasi kubwa ya kusukumwa juu. Ukiwa na ardhi ya namna hiyo, au jukwaa refu kwenda juu, basi kwako hii ndiyo namba moja.

3. Vichwa vya zege vyenye mabomba ya mshazari

Zege lipo, ila lilimwagwa kiwandani. Unapata kichwa kilicho tayari chenye matundu manne, na kupitia kila tundu unapigilia bomba la chuma linaloingia ardhini kwa mshazari, kila moja kuelekea upande wake. Yakishaingia yote, kichwa kimeshikwa pande nne, na hata upepo ukijaribu kukiinua kinagoma. Kazi inahitaji nyundo ya umeme yenye uzito, si ile drili ya kutobolea ukuta. Faida yake kuu ni kwamba bomba moja likigonga jiwe unaweza kulichomoa na kutafuta njia, bila kupoteza msingi mzima. Ubaya wake ni kwamba mapigo hayakuambii mengi kuhusu udongo, na vichwa ni vizito kubeba.

4. Vitako vya zege vya kuweka juu ya ardhi

Ni rahisi na vinapatikana kirahisi, lakini turudi kwenye hesabu. Kitako chenye sehemu ya chini ya sentimita 28 kwa 28 kwenye udongo wa mfinyanzi wa kawaida, unaokadiriwa kubeba kilopaskali 72, kinabeba kilo 575 hivi. Ule msingi wetu wa katikati unataka 735. Kimeshindwa. Ukikiweka juu ya bamba la zege la sentimita 40 kwa 40, eneo linakua na uwezo unapita tani 1, mradi bamba lenyewe ni nene na halitapasuka. Au ongeza vitako, upunguze mita za mraba za kila kimoja.

Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, weka kokoto kama sentimita 10, shindilia, ndipo ukiweke. Vitako hivi havishikiki ardhini hata kidogo, kwa hiyo vinafaa jukwaa dogo na la chini tu. Kanuni za nyumba za makazi zinazotumika sana Marekani huviruhusu kwa jukwaa lililosimama peke yake lisilozidi futi 200 za mraba, karibu mita za mraba 18.6, na lisilopita inchi 20 kutoka ardhini, yaani sentimita 51 hivi. Hata mahali ambapo kanuni hizo hazina nguvu, mpaka huo ni wa busara.

5. Miiba ya chuma ya kupigilia

Ni ya nguzo za uzio. Haina bawa wala hesi ya kubeba uzito wa kushuka, na hupinda ikigonga jiwe. Kwa jukwaa, iache dukani.

Usichanganye pia na nanga za kuvuta, zile za kamba za mahema na nguzo za umeme. Zimetengenezwa kuzuia kitu kisiinuke. Kukibeba si kazi yake. Na kama tayari una sakafu ya zege au ya vigae vya nje, achana na orodha hii yote, nunua vitako vya plastiki vya kurekebisha kimo na uvipange juu yake.

Msingi wowote utakaouchagua, jukwaa lisiloegemea nyumba halina ukuta wa kulizuia lisiyumbe, kwa hiyo nunua pamoja mbao za kufunga mshazari kati ya nguzo. Mbao zilizotiwa dawa yenye shaba hula zinki, basi weka utepe wa lami kati ya mbao na kichwa cha chuma, na utumie bolti zilizochovywa zinki au za chuma kisichoshika kutu. Hakikisha unajua mabomba ya maji, gesi na nyaya za umeme zinapita wapi kabla ya chuma chochote kuingia ardhini. Na unapoagiza skrubu, ongeza moja ya urefu uleule na mbili ndefu zaidi kwa ajili ya zile alama ambazo mtaimbo ulizama kirahisi, ukikubaliana na muuzaji kwamba zisizotumika zitarudishwa.