Stellarium kwa kuitafuta Nyota ya Kaskazini: uzoefu wangu Muscat, Oman

Natumia Stellarium ya kompyuta, programu ya bure inayoonyesha anga la usiku. Kwa anayeanza kuitafuta Nyota ya Kaskazini (Polaris) naipa alama nne kati ya tano. Ukishaisakinisha haihitaji intaneti, na kuitafuta nyota hii hakuhitaji darubini.

Kabla ya yote, rekebisha mahali ulipo. Bonyeza F6, andika Muscat, hakikisha latitudo inasoma 23.6 kaskazini. Ukiiachia programu ijue mahali kwa mtandao huku VPN imewashwa, inaweza kukuweka Amsterdam, na nyota utaionyeshwa kwenye nyuzi 52 juu ya upeo wa macho. Kimo chake hulingana na latitudo yako, tofauti haifiki uzi mmoja. Kwa hapa basi, nyoosha mkono, elekea kaskazini, pima ngumi mbili na vidole viwili juu ya upeo.

F3, andika Polaris, Enter. Programu itakupeleka moja kwa moja, lakini kwa njia hiyo hujajifunza kitu. Bonyeza C upate mistari ya makundinyota na V upate majina, kisha mtafute Dubu Mkubwa. Nyota zake saba zimekaa kama upawa. Mbili za ukingoni, mbali na mpini, ni Merak na Dubhe. Toka Merak, pita Dubhe, endelea mara tano ya nafasi iliyo kati yao.

Sasa fungua F5 ubadilishe mwezi, saa iwe tatu usiku. Aprili na Mei upawa uko juu kabisa. Oktoba na Novemba haupo, umezama! Maelekezo mengi yameandikwa kwa ajili ya Ulaya ya kaskazini, ambako hauzami kamwe, ndiyo maana mgeni wa fani hii huku hukata tamaa. Miezi hiyo mtafute Kasiopeia, nyota tano zenye umbo la W, upande wa pili wa Polaris. Kundi hili halionyeshi njia sawasawa kama upawa, ila litakufikisha jirani.

Alama niliyoikata ni ya anga safi kupita kiasi. Dubu Mdogo, kundinyota lenye Polaris, anaonekana mzima kwenye skrini, lakini kwa taa za mjini nyota zake nyingi zinapotea. Ingia F4, pandisha uchafuzi wa mwanga hadi daraja la 7 au 8 la Bortle (kipimo cha mwanga wa anga, 1 ni giza kabisa, 9 ni katikati ya jiji), ndipo picha ifanane na ya dirishani kwako. Polaris yenyewe ina mng'ao wa daraja la 2 tu, si nyota kubwa ya kukushtua, na Kochab, nyota nyingine ya Dubu Mdogo, inang'aa karibu sawa. Ukitatizika, subiri saa mbili: Kochab itakuwa imehama karibu ngumi nzima, Polaris iko palepale. Kwenye programu bonyeza L mara kadhaa ukione kitendo hicho kwa sekunde chache. Ukitoka nje na kompyuta, Ctrl+N inageuza skrini kuwa nyekundu ili macho yasipoteze mazoea ya giza.

Kwa ndugu walio Unguja au Dar es Salaam, kusini mwa ikweta: msihangaike kupanda mapaa. Andikeni mji wenu kwenye F6, kisha bonyezeni G kuiondoa ardhi. Mtaiona Polaris chini ya upeo wa macho, nyuzi 6 hivi kwa Unguja. Kwa Nairobi pia iko chini ya upeo, zaidi kidogo ya uzi mmoja. Kwa Lodwar, kaskazini mwa Kenya, inapanda nyuzi 3, lakini kwa kimo hicho vumbi na ukungu huimeza kirahisi.