Uzoefu wangu na Bosch GBH 2-26 DRE kwa kazi za umeme na bomba

Natumia GBH 2-26 DRE, mashine ya kutobolea zege, ile ya waya ya wati 800, kwenye nyumba za tofali za saruji zenye nguzo na boriti za zege. Kwa matundu ya milimita 6 hadi 16, ambayo ndiyo kazi kubwa ya fundi umeme na fundi bomba, sioni sababu ya kubeba mashine kubwa kuliko hii.

Wanunuzi wengi dukani huuliza wati. Wati ni umeme unaoingia kwenye mashine. Kinachovunja zege ni nguvu ya pigo, na hiyo hupimwa kwa jouli. Hii ina jouli 2.7 na hupiga hadi mara 4,000 kwa dakika. Makita HR2470, mshindani wake wa karibu, ina wati 780 na jouli 2.4, na ukutani tofauti yao ni ndogo: chukua ile ambayo kaboni (brashi za mota) na vipuri vyake vinapatikana mjini kwako. Mashine iliyobandikwa wati 1500 kwa maandishi makubwa halafu haitaji jouli popote, iache hapo hapo dukani.

Usiilinganishe pia na drili ya kawaida yenye alama ya nyundo. Drili ile hugonga kwa visahani viwili vya meno vinavyopandana, kwa hiyo nguvu yote inatoka begani kwako. Mashine ya SDS-plus kama hii, ambayo biti yake ina mifereji kitakoni na huingizwa bila ufunguo, ina pistoni inayobana hewa, hewa inarusha kinyundo cha ndani, na kinyundo kinapiga kitako cha biti. Ukiikandamiza kwa uzito wa mwili unaibana tu: mlio unakuwa mzito, mzunguko unapungua, mota inachemka. Sukuma kiasi cha kuzuia biti isirukeruke, mashine itakwenda yenyewe.

Kwa fisha (kile kiplastiki cha kushika skrubu ukutani) ya milimita 8, toboa kwa biti ya 8, kina kizidi urefu wa fisha kwa kama milimita 10 ili vumbi litakalobaki lipate pa kukaa. Anza polepole kwa kubonyeza swichi kidogo mpaka biti itengeneze kijishimo chake, kisha fungua mwendo. Kabla ya kutoa biti, ivute nje na kuirudisha mara mbili tatu huku inazunguka, halafu puliza tundu. Fisha nyingi zinazozunguka na skrubu hazina kosa lolote. Zimekaa juu ya unga. Kwenye tofali dhaifu zinazomomonyoka, zima kabisa pigo, toboa kwa mzunguko tu, la sivyo biti ya 8 itakuachia tundu la 10.

Nondo utaijua kwa sikio kabla ya macho. Mlio unabadilika ghafla, unakuwa mkali, biti haisogei, na vumbi linaacha kutoka. Acha papo hapo. Ncha ya kabaidi (madini magumu ya kukatia) ya biti yenye makali mawili huvunjika kipande ukilazimisha, na biti ya aina hiyo haiwi nzima tena. Sogeza tundu sentimita chache pembeni, na usithubutu kukata nondo ya nguzo kwa ajili ya bolti ya kiyoyozi. Kwa wanaofunga viyoyozi na treya za nyaya kila siku, nashauri biti zenye makali manne kwa ukubwa wa 10 na 12: bei ni kubwa, lakini hazinasi kirahisi. Biti ikinasa, klachi ya ndani inateleza kwa mlio wa krrr na kuokoa giaboksi, ila mkono unaweza kupinda kabla haijateleza. Mshikio wa pembeni haukuwekwa kwa mapambo. Ufunge hata kwa tundu moja.

Mshikio huo una kazi nyingine. Mashine imekingwa na haihitaji waya wa ethi, lakini biti ikigusa waya ulio ndani ya ukuta, umeme unaweza kufika hadi sehemu za chuma za mbele. Shika kwenye plastiki na mpira tu, na zima meni swichi ukitoboa juu au chini ya soketi, kwa sababu paipu za nyaya kwa kawaida hupanda na kushuka wima hapo.

Vigae: weka mzunguko bila pigo, tumia biti ya mkuki ya vigae, na ukishapita kigae ndipo urudi kwenye biti ya zege na pigo. Pigo moja tu juu ya kigae cha bafuni linatosha kukipasua. Biti ya mkuki utaifunga kwa adapta yenye kichwa cha kawaida. Adapta hiyo ni ya mzunguko tu. Ukisahau kuzima pigo, taya zake zinaharibika, na hata ikiwa nzima ina kuyumba kidogo. Anayetoboa mbao na chuma mara kwa mara anunue toleo la DFR, ambalo kichwa chake kinabadilishwa kizima kizima.

Kwenye tindo ndipo mipaka yake inapoonekana. Inang'oa vigae, inavua lipu, inachimba nafasi ya boksi za swichi. Ukichimba mfereji wa paipu ya milimita 20, kata kwanza mistari miwili kwa grinda yenye diski ya almasi, kina cha milimita 30 hivi, kisha ondoa katikati kwa tindo bapa. Ukuta wa tofali za inchi 5 ukiuchimba kwa tindo bila mistari, lipu inabanduka pande zote na wakati mwingine hata upande wa pili. Kuvunja slabu au msingi si kazi yake. Huko inatakiwa mashine kubwa zaidi ya SDS-max, ambayo kitako cha biti yake ni milimita 18 badala ya 10.

Kinachoua mashine hizi mapema ni vumbi la darini. Ukitoboa juu, unga wote unashukia kwenye mdomo wa mashine na kusaga kishikio cha biti. Kata kitako cha chupa ya plastiki, toboa katikati, kivishe kwenye biti kama bakuli. Futa kitako cha biti na ukipake grisi kidogo kila unapoiingiza. Badili modi mashine ikiwa imesimama kabisa. Cheche nyingi na kuzimika-zimika ni dalili ya kaboni kwisha: badili zote mbili pamoja, kisha iache izunguke bila mzigo dakika chache zikae sawa. Kaboni za kuokoteza zinaweza kuchimba shaba ya amecha (sehemu ya mota inayozunguka), na hapo gharama inakaribia mashine mpya.

Ukienda kununua, iwe Gerezani pale Kariakoo au kwingineko, omba kipande cha zege na biti ya 8. Mashine nzima ikiwa hewani haipigi kwa nguvu. Pigo linaanza ukiigandamiza ukutani. Biti kuchezacheza mbele na nyuma kama sentimita moja ni kawaida ya SDS, usiikatae kwa hilo. Jaribu mwendo wa chini kabisa kwa swichi, rudisha nyuma, pitia modi zote, kunja waya uone kama ni mpira laini au plastiki ngumu. Linganisha namba ya mashine na ya boksi. Muuzaji asipokuruhusu kuiwasha, nenda duka la pili.