Sengerema hadi Buchosa kwa kosta: muda uliookolewa darajani unaliwa stendi

Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, safari ya Mwanza kwenda Sengerema haina tena kisingizio cha kivuko. Gari linatoka Nyegezi, linaachana na barabara ya Shinyanga pale Usagara, linafika Kigongo, na konda hajamaliza kukusanya nauli mmeshatokea Busisi. Kipande hiki hakina neno. Magari yapo ya kutosha, na ukikosa moja unapanda linalofuata.

Kazi inaanza ukishuka Sengerema na safari yako ni ya Buchosa: Nyehunge, Kahunda, au Nyakaliro kuwahi kivuko cha kisiwa cha Kome. Huko ndani huduma ni ya kosta chakavu, haisi, na michomoko, yaani magari madogo kama Probox, inayookoteza waliochoka kusubiri. Kwa upatikanaji wa usafiri mchana, inaridhisha. Kwa uhakika wa muda, ni mbovu.

Gari la ruti hizi halina saa ya kuondoka, lina idadi ya kuondokea. Kosta ya viti 28 ikishika zamu asubuhi inaweza kujaa upesi siku ya mnada, na siku ya kawaida ikakaa hadi jua liwe kali. Abiria wa kwanza anaambiwa "tunaondoka sasa hivi", na wa kumi anaambiwa hivyo hivyo. Ndani ameshapangwa kijana mmoja mmoja kwenye viti ili gari lionekane linakaribia kujaa. Utamjua tu: hana begi, anaongea na konda kupitia dirishani, na mama mwenye ndoo akipanda, yeye huyo anashuka. Kabla ya kutoa nauli, hesabu mizigo iliyopo miguuni mwa watu, usihesabu vichwa.

Wenye magari wanajitetea kwamba wakiondoka na watu 15 wanapata hasara ya dizeli. Hesabu hiyo ni sahihi kwenye ruti ya moja kwa moja. Ruti ya kijijini haiko hivyo, maana kiti kimoja huuzwa zaidi ya mara moja: huyu anashuka senta ya kwanza, mwingine anapanda mbele yake, na karibu na mwisho wa safari kinakaa mtu wa tatu. Gari likijazwa stendi linawapita wa njiani wote, au linawabeba wima. Wale waliopitwa hawasubiri kosta kesho yake, wanazoea bodaboda na mchomoko. Tajiri, yaani mwenye gari, amejaza viti asubuhi na amepoteza wateja wa barabara nzima, kisha anashangaa kwa nini jioni gari linarudi tupu.

Mzizi wa yote ni hesabu ya siku. Dereva anatakiwa kumkabidhi tajiri kiasi kilekile, iwe masika au kiangazi, iwe kuna mnada au hakuna. Kinachobaki baada ya dizeli ndicho chake na konda. Kwa mpango huo, kila kinachowakera abiria kina faida kwa dereva: kungoja mpaka wajae, kubana wanne kwenye kiti cha watatu, na kukatisha ruti kwa kuwauza abiria waliobaki kwa haisi ya mbele ili ageuze mapema. Ukiuzwa, hakikisha konda wa kwanza anamlipa wa pili mbele yako. Usipofanya hivyo, utaombwa nauli upya ukiwa katikati ya safari, na hakuna tiketi ya kuonyesha.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayolinyima gari siku ya gereji. Barabara ya vumbi yenye makunyanzi hulegeza yuubolti, zile zinazofunga springi za majani kwenye ekseli. Zikilegea, uzito wote unabaki kwa senta bolti, ambayo kazi yake ni kushikilia springi mahali pake tu. Ikikatika, ekseli inasogea na gari linatembea upande upande. Simama nyuma ya kosta linapoondoka: ukiona bodi inaelekea huku na matairi yanafuata mstari mwingine, ngoja jingine. Yuubolti zikazwe tena baada ya siku chache kila springi inapofungwa upya, kisha zikaguliwe kila wiki. Ni kazi ya spana na dakika chache. Tazama pia katikati ya matairi pacha ya nyuma. Jiwe likinasa pale hukwangua kuta za matairi yote mawili, na fundi wa pancha njiani hana dawa ya ukuta uliochanika.

Mizigo nayo inataka utaratibu. Magunia ya dagaa wakavu hayasumbui sana, ni mepesi. Tatizo ni mahindi, mihogo na saruji kurundikwa kwenye keria. Uzito ukiwa juu, gari linalala kwenye kona na kwenye ukingo ulioliwa na mvua. Mzigo mzito ukae chini, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kwani ukirundikwa mkiani usukani unakuwa mwepesi. Samaki wabichi wasafiri kwenye ndoo zenye mifuniko, vinginevyo maji yake yanawadondokea wa dirishani. Gunia liandikwe kwa kalamu ya wino mzito jina, namba ya simu na senta ya kushukia, na la mbali litangulie kupakiwa.

Kurekebisha hakuhitaji magari mapya. Stendi tayari ina foleni, ina mtu wa kuandika zamu, na kila gari linatoa pesa kabla ya kutoka. Sehemu ya pesa hiyo ifidie dizeli ya magari matatu kwa siku yanayoondoka kwa saa iliyopangwa, lijae lisijae: saa 12 asubuhi, saa 4 na saa 9 alasiri. Saa hizo ziandikwe kwa rangi ubaoni stendi na kwenye kila senta, pamoja na muda wa kupita pale. Magari mengine yaendelee na zamu kama kawaida. La saa 12 lipewe haki ya kugeuza kwanza, hapo madereva wataligombania badala ya kulikwepa. Siku tulivu zipangiwe haisi, kosta zibaki kwa siku za mnada. Matajiri nao wapokee hesabu kwa tripu iliyokamilika hadi mwisho wa ruti, na siku moja ya wiki iwe ya gereji bila hesabu.

LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, inatoa leseni kwa njia na inapanga nauli kikomo. Iongeze sharti moja kwenye leseni za ruti hizi: gari la mwisho kutoka Sengerema lifike Kahunda, hata likibaki na abiria wanne. Sasa hivi likibaki na wanne linaishia Nyehunge, na wanne hao wanapanda bodaboda usiku kwa bei ya mwenye pikipiki.