Mitego ya panya ya plastiki yenye boksi: nzuri kwa uani, mradi usiitege siku ya kwanza

Seti hii hutengenezwa na kampuni nyingi kwa umbo lilelile: boksi jeusi la plastiki ngumu lenye matundu mawili ya kuingilia, mfuniko unaofungwa kwa ufunguo, na ndani yake mitego miwili ya kubana yenye taya za meno. Kwa panya wa uani inaushinda mtego wa ubao ulioachwa wazi, kwa sababu mtoto, paka na ndege hawaufikii mdomo wa mtego. Ubao pia hunyonya maji ya mvua ukavimba, kifyatuo kikagoma. Sumu tutaizungumzia chini.

Anza kuukagua mtego wenyewe. Chini ya kifyatuo kuna kikombe kidogo cha chambo kinachochomolewa kwa upande wa chini, kwa hiyo unaweza kuongeza chambo bila kuingiza kidole kati ya taya. Taya hufunguliwa kwa kubonyeza mkono wa nyuma. Utege, kisha uguse kifyatuo kwa penseli: lazima ufyatuke papo hapo na penseli ibanwe isichomoke kirahisi. Ukikuta springi legevu, rudisha. Springi ya namna hiyo humjeruhi panya badala ya kumuua, na akichomoka hatasogelea tena kitu chenye umbo hilo. Hakikisha pia umenunua saizi ya panya mkubwa. Mtego wa kipanya kidogo cha nyumbani haumuui panya wa uani.

Boksi ndilo lenye kasoro. Ni jepesi, linacheza, na panya haingii mahali panapotikisika chini ya miguu yake. Lifunge kwa skrubu kwenye tofali au bamba la zege kabla ya kulipeleka uani. Maboksi mengi yana alama za kutobolea kwenye sakafu yake. Yasiyo nazo yaache dukani. Bawaba za mfuniko nazo hupasuka mapema zikipigwa na jua kutwa, basi tafuta kivuli.

Liweke likigusa ukuta au uzio, matundu yake yakifuata mstari wa ukuta, kwani panya hutembea ubavu wake ukisugua kitu. Njia zake utazijua kwa michirizi myeusi ya mafuta ya manyoya na kwa kinyesi. Cha panya wa kahawia, yule mchimba mashimo, kina ncha butu na hufikia karibu sm 2. Shimo lake lina upana wa sm 6 hadi 9. Kujua kama linatumika, lizibe kwa gazeti lililokunjwakunjwa ulegevu. Likisukumwa nje kufikia siku ya pili, kuna mwenyewe.

Sasa sehemu inayowashinda wengi. Panya hukiogopa kitu kipya. Boksi likiwekwa na mitego ikategwa usiku uleule, wachache huingia, mmoja huponea chupuchupu, na waliobaki hulizunguka kwa wiki kadhaa. Weka chambo ndani bila kutega kwa siku 5 hadi 7. Chambo kikianza kuliwa kila usiku, tega yote jioni moja. Siagi ya karanga yenye ukubwa wa punje ya njegere inatosha. Ukijaza kikombe hadi kifurike, panya atalamba kingo aondoke bila kugusa kifyatuo. Chambo kikiisha na mtego haujafyatuka, chunguza sisimizi na konokono kabla ya kuulaumu mtego.

Kwa panya mweusi, mpandaji wa miti na mapaa, seti hii ina udhaifu. Boksi la chini atalipita juu. Inabidi ulikaze juu ya uzio au boriti anayopitia, kazi ambayo maboksi mengi hayakuundiwa.

Kwa nini si sumu? Sumu za panya kama brodifakumu na bromadioloni huzuia mwili kutumia vitamini K, damu ikashindwa kuganda, na panya hufa baada ya siku kadhaa. Katika siku hizo anatembea akiwa na sumu mwilini, na bundi au paka anayemla huibeba. Kisha panya huyo huozea mahali usipomfikia. Vile vifaa vya sauti isiyosikika na binadamu usivinunue kabisa: panya huizoea, na samani au ukuta huizuia.

Mtego hauzibi mlango. Panya hupita tundu la mm 12 hivi, kwa hiyo tumia wavu wa chuma wa matundu ya mm 6 chini ya banda, uufukie sm 30 na kuukunja kwa nje kama herufi L. Chakula cha kuku na mbwa kiingie kwenye debe la bati lenye mfuniko kabla ya giza. Ukiacha hilo, siagi yako ya karanga inashindana na karamu. Mashimo yafukie baada tu ya magazeti kukaa bila kuguswa. Ukifukia mapema watachimba pengine.

Kumtoa aliyenaswa, vaa glovu, mnyunyizie maji ya klorini (sehemu 1 ya dawa ya klorini ya kufulia nguo kwa 9 za maji) hadi alowe, subiri dakika 5, kisha mfunge kwenye mifuko miwili. Mkojo wa panya hubeba bakteria wa leptospira.

Nunua maboksi matatu kwa mkupuo. Mimba ya panya ni siku 21 hadi 23 tu, na boksi moja haliwezi kushindana na mwendo huo. Ufunguo wake ni kipande kidogo cha plastiki, na wa kampuni moja mara nyingi haufungui boksi la nyingine, kwa hiyo nunua yote ya aina moja na uning'inize ufunguo wa akiba ndani ya nyumba.